Apdeti ya simu: uibonyeze sasa au uiache kwanza?

Simu za watu zikianza kuleta ule ujumbe wa sasisho la mfumo, najua kabla ya jioni kuna mtu wa ukoo atanipigia. Shangazi, binamu, jirani yake mama, wote swali moja: niibonyeze au niiache? Siku hizi na mimi nawajibu kwa swali, simu yenyewe umeinunua wapi na hali yake ikoje? Maana apdeti nyingi hazina shida, balaa mara nyingi liko kwenye simu inayoipokea.

Chukua hizi iPhone used kutoka Marekani, zile zilizofungwa kwenye mtandao wa huko. Chomoa kile kisahani cha laini, ukiona laini yako imelaliana na kiplastiki chembamba chenye vidoti vya rangi ya dhahabu basi hiyo ndo chipu, kazi yake ni kuidanganya simu ione laini yako ni ya mtandao wake wa kule. Ukiikuta, aisee usiguse apdeti kabla hujaongea na fundi, kwa sababu ikishaapdeti inaweza kutaka kuhakikiwa upya na hapo chipu inagoma, laini haisomi, hupigi, hupigiwi, menyu ya M-Pesa haiji. Binamu yangu yalimkuta hayo, muuzaji alikuwa amemwapia kabisa kwamba ni simu ya laini zote, na jamaa alikuwa hajawahi kukichomoa hicho kisahani tangu ainunue.

Kwa Android kuna zile kopi, Samsung za bei ya kutupa. Hiyo haipati apdeti ya Samsung hata siku moja, kwa hiyo ikikuletea ujumbe wa apdeti jiulize unatoka kwa nani.

Simu yako ikiwa orijino, sasa angalia apdeti ni ya aina gani. Kuna ya usalama, ndogo, inaziba matundu, hiyo mimi huwa siicheleweshi. Mwaka 2015 liligundulika tundu kwenye Android likaitwa Stagefright, mtu aliweza kuiingilia simu yako kwa kukutumia MMS tu, yaani ujumbe wa picha au video, wala si lazima uifungue, na baada ya hapo ndo Google wakaanza kutoa viraka vya usalama kila mwezi. Ingia setingi, sehemu ya kuhusu simu, utaona tarehe ya kiraka chako. Kama ni ya miaka miwili nyuma na humo humo una app ya benki, mimi ningekuwa na wasiwasi na hiyo tarehe kuliko na apdeti yoyote.

Ile kubwa ya kubadilisha toleo zima, mfano kutoka Android 14 kwenda 15, hiyo haina haraka. Subiri wiki mbili tatu, tafuta watu wenye modeli ile ile ya kwako (Samsung A15 siyo A05 jamani) usome wanalalamikia nini, maana hata wakubwa wanateleza. Septemba 2014 Apple walitoa apdeti ya iPhone iitwayo iOS 8.0.1, wenye iPhone 6 wakapoteza mtandao na alama ya kidole ikagoma, ikabidi waiondoe siku hiyo hiyo na kesho yake wakatoa nyingine. Aliyesubiri siku moja tu hakujua hata kama kulikuwa na shida. Na kumbuka kwenye simu nyingi kurudi toleo la zamani ni shughuli, zingine haiwezekani kabisa.

Kuhusu maneno kwamba kampuni zinatumia apdeti kuua simu za zamani makusudi, si uzushi mtupu. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka, wakasema ni ili zisizime ghafla. Ndo maana simu ya betri mbovu naanza na betri kwanza.

Apdeti pokea kutoka kwenye setingi za simu yenyewe, basi. Tovuti ikikurukia na tangazo eti simu yako imepitwa, apdeti hapa, funga. Faili la apdeti lililotumwa kwenye grupu la WhatsApp, futa, hata kama kalituma kaka yako.

Ukiamua kuapdeti, fanya bakapu ya picha na chati, futa yale mavideo mpaka nafasi ipatikane, chaji ivuke nusu, na tumia Wi-Fi kama ipo maana apdeti kubwa inakula bando lote la wiki. Ikikaa kwenye nembo muda mrefu usianze kubonyeza bonyeza vitufe, iache. Ikishawaka itapata joto na chaji itaisha haraka siku moja mbili za mwanzo kwa sababu bado inapanga mambo yake kwa ndani, ikizidi wiki na bado inachemka hapo ndo ipeleke kwa fundi.