"Mgonjwa amepata mshtuko": mshtuko upi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma sayansi ya afya, mwaka wa pili. Kwenye zoezi la huduma ya dharura tulipewa habari za mtu aliyegongwa na gari: anavuja damu nyingi pajani, ngozi yake ni baridi, mapigo yanakwenda mbio. Nikaandika, "Mgonjwa alizimia na amepata mshtuko." Mkufunzi akaizungushia sentensi yangu wino mwekundu na kuuliza pembeni, "Mshtuko upi?" Wenzangu wanasema mshtuko ni ule wa moyo. Je, nimekosea Kiswahili au nimekosea tiba? Na kuzimia na kuzirai vina tofauti gani?

JIBU: Marahaba. Sarufi yako haina kosa, na hali ya mgonjwa umeitambua vizuri. Lakini mkufunzi wako ana haki kuuliza, kwa sababu neno ulilolitegemea limebebeshwa mizigo mingi kuliko linavyoweza kuhimili.

Mshtuko hutokana na kitenzi shtuka, kama mteguko unavyotokana na teguka, mvunjiko na vunjika, mpasuko na pasuka. Nomino za namna hii hutaja kilichompata mtu bila kutaja kilichosababisha. Kwa mteguko hilo halisumbui, maana kifundo kimeteguka na tumeelewana. Kwa mshtuko, kila msikilizaji hujijazia sababu yake. Mtu wa kawaida anaposikia "amepata mshtuko" huelewa kwamba mgonjwa ameogopa au amepokea habari nzito, kwa hiyo anatulizwa na kuletewa maji ya kunywa. Fundi umeme huelewa amepigwa shoti. Wenzako wameelewa moyo. Wewe ulikusudia jambo la nne: mzunguko wa damu umeshindwa kufikisha oksijeni ya kutosha kwenye viungo vya mwili. Mtu wa hali hiyo anaweza kufa huku waliomzunguka wakimwambia atulie.

Njia ya kwanza ya kujinasua ni kuunganisha mshtuko na sababu yake: mshtuko wa kupoteza damu, mshtuko wa mzio, mshtuko wa maambukizi makali. Hapo -a unganifu (ile "wa" iliyo katika "mshtuko wa mzio") inatufaa sana, kwani inaonyesha chanzo, na chanzo ndicho kinachoelekeza tiba. Anayevuja damu anahitaji damu izuiwe kwanza. Aliyepatwa na mzio mkali anahitaji adrenalini.

Sasa tazama mtego uliopo. Ukifuata kanuni hiyohiyo, "mshtuko wa moyo" ungekuwa mshtuko unaosababishwa na moyo, yaani moyo umedhoofika hadi hauwezi kusukuma damu ya kutosha mwilini. Lakini umma umekwisha kulipatia neno hilo maana nyingine. Katika matumizi yaliyozoeleka, mshtuko wa moyo ni pale mshipa unaoulisha moyo wenyewe damu unapoziba na sehemu ya msuli wake ikaanza kufa. Unganifu ni ileile, ila mara hii inaonyesha mahali palipopatwa. Wapo pia wanaotumia mshtuko wa moyo kwa moyo uliosimama, na hapa ndipo ninapoomba sana tusikubali. Mwenye mshipa ulioziba mara nyingi yuko macho, anajieleza, analalamika kifua kinambana, jasho linamtoka. Ambaye moyo wake umesimama haitiki wala hana mapigo, na kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua inampunguzia nafasi ya kupona. Mgonjwa mmoja anaweza kuzipitia hali zote tatu ndani ya saa moja. Tukiziita kwa jina moja, anayepokea taarifa hatajua mgonjwa amefika wapi.

Ushauri wangu: "mshtuko wa moyo" liacheni kwa mshipa ulioziba, kwa kuwa huko limeshaota mizizi. Hali ya mapigo kukoma iitwe "moyo umesimama." Wapo wanaopinga kwa kusema moyo huo wakati mwingine haujatulia, bali unatetemeka ovyo. Ni kweli, lakini tunaposema kazi imesimama hatumaanishi kila mfanyakazi ameganda mahali pake. Kilichosimama ni kazi ya kusukuma damu, na hicho ndicho msaidizi anachopaswa kujua ili aanze kukandamiza kifua: kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6.

Hapohapo nikuonye kuhusu neno "anapumua." Mtu ambaye moyo wake umesimama punde tu anaweza kuvuta pumzi moja moja, kwa kukoroma na kwa kuachanisha. Shahidi akisema kwenye simu "bado anapumua," anaweza kuwachelewesha wote. Usiulize "anapumua?" peke yake. Uliza "anapumua kama kawaida?"

Nakuja kwenye alizimia, ambalo naona lina uzito kuliko ulivyodhani. Kuzimia na kuzirai wasemaji wengi huyatumia kwa maana moja, nami sioni sababu ya kuwalazimisha kuyatenganisha. Yote mawili yanafaa zaidi kwa mtu anayeanguka kisha akazinduka mwenyewe baada ya muda mfupi. Kwa hali inayoendelea, au ambayo chanzo chake hakijajulikana, andika "hana fahamu."

Lakini angalia kiambishi cha wakati. "Alizimia" inamwambia msomaji kwamba jambo lilitokea likapita. Huenda sasa amezinduka. "Amezimia" inasema mpaka sasa yuko katika hali hiyo. Vivyo hivyo "moyo ulisimama" na "moyo umesimama": wa kwanza huenda umerudi kupiga, wa pili unakungoja wewe. Katika fomu ya kukabidhi mgonjwa, -li- na -me- vinaweza kubadilisha nani ahudumiwe kwanza. Sentensi yako haikunionyesha kama mtu huyo ana fahamu sasa hivi.

Hata "hana fahamu" haitoshi kwa mtu wa afya, kwa kuwa fahamu hupungua kwa ngazi. Kipimo cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974, huanzia alama 3 hadi 15 na hutazama vitu vitatu: kufumbua macho, kujibu kwa maneno, na kusogeza viungo. Vyote vitatu ni vitenzi, na Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vitenzi. "Anafumbua macho akiitwa, anajibu kwa maneno yasiyoeleweka, anaondoa mkono akifinywa" ni maelezo ambayo mwenzako wa zamu inayofuata anaweza kuyalinganisha na anachokiona yeye, akajua mgonjwa anapanda au anashuka.

Kwa hiyo, sentensi yako ningeiandika hivi, nikichukulia kwamba mgonjwa alizinduka: "Alizimia kwa muda mfupi, sasa anajibu akiitwa, anavuja damu nyingi pajani, ngozi ni baridi, mapigo ni ya haraka na dhaifu: mshtuko wa kupoteza damu."