Kimya kile hakikuwa cha kuchoshwa

Ndugu, unauliza mbona watu hawakupiga makofi ilipoisha Watu Wote, filamu fupi ya shambulio la basi la Mandera, ukadhani haikuwagusa. Iliwagusa mno! Nilikuwepo ukumbini. Dada wa mbele yangu alishika ncha ya mtandio wake tangu basi liliposimamishwa hadi mwisho. Hapa Nairobi, hasa Eastleigh, wengi wana jamaa wanaosafiri na mabasi ya Mandera, kule kaskazini mashariki mwa Kenya. Novemba 2014 abiria 28 waliteremshwa kwenye basi lililotoka Mandera wakauawa. Desemba 2015 wanamgambo wa Al-Shabaab wakasimamisha jingine karibu na El Wak, na tukio hilo ndilo filamu inalolisimulia, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa katakata. Na zile hijabu walizopewa Wakristo ili wasitambulike si mbwembwe za mwandishi, abiria wenyewe ndivyo walivyosimulia. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa Waislamu waliokataa, alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016. Sasa mtu anayeyakumbuka hayo apige makofi vipi?

Kuhusu wanaolalamika kwamba aliyeiongoza, Katja Benrath, ni Mjerumani: wana haki ya kuuliza, na mimi pia natamani hadithi hizi tuzisimulie wenyewe. Lakini waigizaji wengi ni wetu na lugha ni yetu, na ndiyo filamu iliyofika hadi kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018.

Ikioneshwa tena, nenda na rafiki wa kutoka kaskazini mashariki, kisha mkae mzungumze. Utasikia mengi ambayo filamu ya dakika ishirini na kitu haikuweza kuyabeba.