Maswali ya Wasomaji: Kwenda Loiyangalani kwa Pikipiki

SWALI: Nina pikipiki ya cc 150, ile ile ya kubebea abiria. Mwezi wa nane mimi na mwenzangu, kila mtu na chombo chake, tunataka kutoka Isiolo hadi Loiyangalani, Ziwa Turkana. Naambiwa bila pikipiki kubwa nisijaribu. Ni kweli? (Msomaji, Meru)

JIBU: Si kweli, ndugu yetu. Pikipiki nyepesi ikilala mchangani unaiinua peke yako. Ya kilo 200 itakubidi uite watu, na huko watu wako mbalimbali.

Isiolo hadi Laisamis ni lami. Ukikata kushoto hapo, una zaidi ya kilomita 230 za changarawe, mchanga na mawe hadi Loiyangalani. Piga hesabu ya petroli kabla ya kuiacha lami. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita moja kwenye lami, ikibeba mzigo na kulima mchanga itashuka hadi 25, kwa hiyo utahitaji lita 9 na kitu. Tangi la lita 11 linafika, lakini ukipotea njia mara moja tu umekwisha. Beba lita 5 za akiba. Mbele ya hapo petroli huuzwa kwa madumu; ichuje kwa kitambaa safi, maana punje moja ya uchafu yatosha kuziba jeti ya kabureta.

Linalowakwamisha wengi si injini, ni upepo wa tairi. Kwenye lami weka PSI 28 mbele na 32 nyuma. Ukiingia mchanga mzito, teremsha hadi 18 mbele na 20 nyuma ili tairi litanuke lisizame. Usiende chini ya hapo. Tairi lenye upepo kidogo huteleza kwenye rimu kila unapokaza mafuta, na likiteleza huiburuta tyubu. Valvu iliyobanwa kwa nati haina pa kwenda, basi hung'oka shinani, na hapo hakuna kiraka kinachoshika. Kinga yake ni rahisi: nati ya valvu usiikaze kwenye rimu, ipandishe juu hadi iguse kifuniko. Valvu ikianza kulala upande utaiona mapema, utoe upepo, ulirudishe tairi mahali pake, ujaze upya.

Kosa jingine ni kusahau kujaza mchanga ukiisha. Baada ya Sarima, njia inaposhuka kuelekea ziwani, kuna mawe meusi ya volkeno, makali kweli. Ukiyapanda na PSI 18, jiwe huikandamiza tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili yaliyo sambamba. Ukiyaona hayo, usihangaike kutafuta mwiba, ongeza upepo. Rudi 28 kabla ya mawe. Pampu ya mkono na kipima upepo viwe vyepesi kufikiwa, si chini ya mahema. Chukua tyubu ya mbele na ya nyuma, viraka kumi, solushoni mpya na vyuma vitatu vya kufungulia tairi. Pancha ikiwa ya mwiba wa mgunga, papasa ndani ya tairi taratibu kabla ya kurudisha tyubu. Ncha iliyobaki humo itakutoboa tena mita chache mbele.

Kila jioni pita na spana. Barabara iliyojikunja kama bati hulegeza bolti za keria, za ekzosi na za vioo. Gonga spoku moja moja: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti butu. Chujio la hewa la sponji lioshe kwa mafuta ya taa, likauke, ulipake oili kidogo na kulikamua. La karatasi likung'ute tu, usilioshe.

Maji ya kunywa ni lita 6 kwa mtu kwa siku, na yasikae kwenye dumu linalofanana na la petroli. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi, usiyategemee. Hapo Laisamis ulizeni polisi hali ya usalama ya siku hiyo hiyo, na msisafiri usiku.

SWALI: Tukitoka Marsabit kwenda North Horr, tunaweza kukata katikati ya Chalbi? (Wasomaji wawili, Nanyuki)

JIBU: Kiangazi kikishika, ndiyo. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale, na mvua hata ya siku chache huigeuza kuwa tope chini ya ganda la chumvi. Juu panaonekana pakavu, chini ni uji. Shuka, tembea mita 50 mbele ya pikipiki: kisigino kikizama, au ardhi ikiwa na rangi nyeusi kuliko kando yake, geuza. Fuateni alama za matairi za karibuni, msijichoree njia. Kama kuna shaka yoyote, ng'oeni madigadi ya mbele iliyo karibu na tairi, kwa kuwa tope la pale hujipakia humo na kukaba gurudumu ghafla. Muachane mita 100 au zaidi, ili mmoja akizama mwenzake asimfuate.

SWALI: Nasikia upepo wa Loiyangalani huangusha pikipiki iliyosimamishwa. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Huangusha. Si bure kwamba mitambo 365 ya umeme wa upepo imesimikwa upande ule. Hasa usiku huvuma kwa nguvu. Elekeza pua ya pikipiki kwenye upepo, iache kwenye gia ya kwanza, na weka jiwe bapa chini ya stendi isizame. Ukiwa njiani, mizigo ifungwe chini, pembeni mwa kiti. Furushi lililorundikwa nyuma ya mgongo hugeuka tanga.