Maswali ya Wasomaji: Chai Baridi ya Gesi Yenye Ladha ya Matunda

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, shemeji yangu aliyerudi kutoka Brussels alituletea makopo sita ya chai baridi yenye gesi na ladha ya pichi. Kopo la kwanza tulilinywa mara tu lilipotoka kwenye friji, na kila mtu nyumbani akalisifu. La pili lilisahaulika wazi mezani siku umeme ulipokatika, na jioni tulipolionja lilikuwa tamu kupita kiasi, hata watoto wakalikataa. Je, hiyo ni chai kweli, au ni sukre tu, yaani soda, iliyopewa jina la chai? Na mtu aionje vipi ili aijue? (Mama wa watoto wanne, Kadutu, Bukavu)

JIBU: Mama mpendwa, makopo yote mawili yalikuwa na kinywaji kile kile. Kilichoondoka katika lile la pili ni baridi na gesi, navyo ndivyo vilivyokuwa vikiuzuia utamu usikushinde. Ulimi hausikii sukari ya kitu cha baridi sana kama unavyoisikia katika kitu cha vuguvugu, kwa hiyo kinywaji kilichotengenezwa kinywewe baridi hutiwa sukari ambayo mtu asingeivumilia kikiwa vuguvugu. Soma ubavuni mwa kopo: likiandikwa gramu 4.5 za sukari kwa kila mililita 100, basi kopo la mililita 330 lina takriban gramu 15.

Gesi nayo ina kazi yake. Kaboni dioksidi ikiyeyuka katika maji hufanya asidi hafifu, ambayo ulimi huisikia kama uchachu pamoja na mchomo mdogo, na uchachu huo ndio unaoupunguzia utamu makali. Sisi wa kando ya Ziwa Kivu tunao mfano mkubwa wa jambo hili, kwa maana kilindi cha ziwa letu kimeshika takriban kilomita za ujazo 300 za gesi hiyo hiyo, iliyokandamizwa huko chini na uzito wa maji yaliyo juu yake. Kopo lililofungwa hufanya vivyo hivyo kwa kadiri yake, na likifunguliwa shinikizo hupotea na gesi huanza kutoka. Joto huiharakisha: maji ya nyuzi 20 hushika karibu nusu tu ya gesi inayoshikwa na maji ya nyuzi 0 chini ya shinikizo lile lile. Tena Bukavu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi kuliko kule Muanda pwani, kwa hiyo kopo lililo wazi huishiwa gesi mapema zaidi hapa kwetu.

Sasa nije kwenye swali lako la msingi, ambalo nalithamini sana, kwa kuwa sisi tunaoishi karibu na mashamba ya chai ya Kabare na Walungu hatupaswi kukubali jina la chai litumike ovyo. Barani Ulaya sheria hutaka viambato viandikwe kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Katika makopo ya aina hii utakuta maji kwanza, kisha sukari, na dondoo la chai huja nyuma kabisa, mara nyingi likiwa chini ya asilimia 1. Lakini uchache huo peke yake hauthibitishi udanganyifu, kwa sababu dondoo ni chai iliyokolezwa. Hakimu ni kinywa chako.

Mimina nusu ya kopo la baridi katika glasi pana, uinuse kabla ya kunywa, maana harufu ya pichi hupanda pamoja na viputo na hufifia vinapokwisha. Kunywa kidogo, ukizungushe kinywani, umeze. Usionje baada ya kula sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) zilizotiwa pilipili, kwa kuwa mchomo wa pilipili na mchomo wa gesi huchanganyika na hutajua kipi ni kipi. Kisha iache nusu iliyobaki kwa saa moja, uikoroge kwa kijiko mpaka viputo viishe, uionje tena. Ukisikia ukakasi kwenye ufizi na kandokando ya ulimi, ule unaofanana na wa ndizi isiyoiva vizuri lakini mpole zaidi, basi chai imo. Ukisikia sukari na uchachu wa ndimu tu, umekunywa sukre. Kwa maoni yangu, chai ya gesi isiyoacha ukakasi wowote haistahili jina hilo, hata ikinukia vizuri namna gani.

SWALI: Nilijaribu kutengeneza kinywaji hicho kwa majani ya chai ya kwetu na marakuja (pasheni), lakini kilipoingia kwenye friji kikawa na ukungu na uchungu. Nilikosea wapi? (Kijana wa Ibanda, Bukavu)

JIBU: Ndugu yangu, uchungu huenda ulitokana na kuyachemsha majani kwa muda mrefu. Ukungu nao hutokea pale kafeini na tanini (vitu vinavyoleta ukakasi) za chai nzito zinaposhikana wakati chai inapopoa. Hauna madhara, ila haupendezi kuutazama. Maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, na joto hilo linaitosha kabisa chai nyeusi: yaepue motoni, tia gramu 8 za majani kwa nusu lita, ngoja dakika nne, chuja, kisha tia sukari ingali moto. Ukitaka iwe angavu zaidi, loweka majani katika maji safi ya baridi ndani ya friji usiku kucha. Chuja mbegu za marakuja, changanya maji yake na chai iliyopoa, wala usishangae rangi ikififia, kwani asidi ya tunda ndiyo inayoifanya hivyo. Usikiweke kinywaji hicho kwenye chupa ya kioo iliyofungwa nje ya friji, maana kinaweza kuchacha na kuipasua. Maji ya gesi, kiasi sawa na chai, yatiwe mwisho yakiwa baridi sana, polepole kwenye ubavu wa glasi, wageni wakiwa wameshakaa mezani.