Podi Inaonyesha 1/1: Utingo Yuko Wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Uyole, Mbeya. Nimetengeneza mfumo wa kikundi cha wakulima wa parachichi wa Rungwe. Huduma moja inapokea uzito kutoka kwenye mizani, nyingine inapiga hesabu ya malipo, ya tatu inamtumia mkulima ujumbe. Zinaongea kupitia Dapr, programu inayosaidia huduma ziwasiliane. Kwenye kompyuta yangu zilikubali vizuri. Nimezihamishia kwenye klasta ya Kubernetes (mashine zinazoendesha programu kwa pamoja), nikaendesha dapr init -k kuiweka Dapr humo, podi za dapr-system (podi ni kifurushi ambamo programu huendeshwa) zote ziko hai. Lakini huduma ya mizani ikiita poti 3500 inakataliwa. Nikiandika kubectl get pods naona 1/1. Siku ya nne sasa. Halafu mwenyekiti wetu anauliza kama hii Dapr itakuwepo miaka ijayo.
Msomaji, Uyole

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Umefanya vema kuandika hiyo 1/1, maana shida yote iko hapo. Ilitakiwa isomeke 2/2: kontena la programu yako, na la pili liitwalo daprd, yote ndani ya podi moja.

Vijana ninaowafundisha hapa Iringa huwa nawaambia watazame lori linaloshuka Tunduma. Dereva anaendesha. Utingo ndiye anayekaza turubai, anayeshuka na makaratasi kwenye mizani, anayeulizia njia. daprd ni utingo wa programu yako. Unamwambia "fikisha hili kwa malipo", yeye anajua malipo yuko wapi, anayafunga mazungumzo kwa mTLS (kila upande unamthibitisha mwenzake kwa cheti) asiyasikie mwingine, na njia ikikatika kidogo anajaribu tena. Lori lako limeondoka bila utingo, ndiyo maana pale 3500 hakuna anayeitika.

Kwa nini hakupanda? Faili lako sijaliona, ila kosa hili nimelikuta kwa watu wengi: dapr.io/enabled, anotesheni (maelezo mafupi ya kubandika) inayoomba utingo, huandikwa juu kabisa, kwenye metadata ya Deployment (faili la kuagiza podi), karibu na jina. Anayempandisha utingo ni dapr-sidecar-injector, naye hasomi hapo. Anasimama pale podi inapoundwa na kusoma anotesheni za podi yenyewe. Basi zishushe ndani ya spec, chini ya template, kwenye metadata ya pale:

annotations:
  dapr.io/enabled: "true"
  dapr.io/app-id: "mizani"
  dapr.io/app-port: "8080"

Alama za nukuu usiziache. Anotesheni lazima iwe maandishi, na true isiyo na nukuu Kubernetes itaikataa. Namba ya app-port nayo iwe ile ambayo programu yako inasikiliza kweli, kwani daprd huisubiri poti hiyo ifunguke kabla ya kuendelea. Ukihisi amekwama, soma kubectl logs ukiongeza -c daprd. Atakuambia mwenyewe anasubiri poti gani.

Ukikuta anotesheni zilikuwa mahali pake tangu mwanzo, basi huenda podi zako zilizaliwa kabla hujaweka Dapr. Endesha kubectl rollout restart deployment mizani, zizaliwe upya.

Mwambie mwenyekiti hivi: Dapr ilianzia Microsoft mwaka 2019, toleo la 1.0 likatoka Februari 2021, na mwaka huohuo ikaingia CNCF, taasisi ileile inayoilea Kubernetes. Mwaka 2024 ikapandishwa daraja la juu kabisa la miradi ya hapo. Mimi naiamini kwa kazi ya watu.

Ila nakuomba jambo moja, na nakuomba kwa dhati. Cheti mama cha ile mTLS, kinachotengenezwa na dapr-sentry (sehemu ya Dapr inayotoa vyeti), usipokibadilisha, kinaishi mwaka 1 tu. Niliwahi kusimamia mfumo wa ghala la viazi upande wa Njombe. Asubuhi moja cheti kikawa kimekwisha muda, huduma zikakataana zote. Kina mama waliokuwa wamefika na magunia tangu alfajiri walikaa nje kwenye baridi hadi saa nane mchana, hawajapimiwa. Sentry huanza kuonya kwenye logi siku 30 kabla, kila saa, na mimi sikuwa nimezifungua hata mara moja. Bado inaniuma. Leo hii andika dapr mtls expiry, uweke tarehe hiyo kwenye simu yako na ya mwenzako. Ikikaribia: dapr mtls renew-certificate -k --valid-until 365 --restart.

SWALI: Nina programu moja ya duka la pembejeo na hifadhidata moja ya PostgreSQL. Na mimi niweke Dapr?
Msomaji, Makambako

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Programu moja haina mwenzake wa kuongea naye. Hata Kubernetes hujaihitaji. Mashine moja inakutosha. Nguvu zako zipeleke kwenye nakala ya hifadhidata: itoke kila usiku, ikae kwenye mashine nyingine, na mara moja kwa mwezi jaribu kuirejesha uone kama inafunguka.