Kabla hujalipia kiwanja kando ya korongo, kaombe mchoro

Msimu mmoja korosho zilitulipa vizuri, nikaanza kutafuta kiwanja nje kidogo ya mji wa Lindi. Dalali alinipeleka mahali pa kupendeza: mwembe mkubwa, upepo wa bahari, na nyuma korongo kavu lililojaa matete. Ilikuwa Septemba. Akaniapia kwamba korongo lile halina maji, hupita mbuzi tu. Shemeji yangu, aliyekulia Ng'apa, hukohuko Lindi, alinivuta pembeni. "Shemeji, matete hayaoti pasipo maji. Usitoe hela leo."

Kesho yake nilienda kwa afisa mipango miji, nikaomba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo lile. Wengi wetu tukishaona bikoni, yaani vile viguzo vya mpakani, tunaridhika. Bikoni huonyesha kiwanja kinapoishia, basi. Mchoro ndio unaosema ardhi imepangiwa nini: makazi, biashara, eneo la wazi, au bonde lisilojengwa. Anza na ufunguo wa rangi, unaoeleza kila rangi ina maana gani, kisha tazama mwaka uliochorwa, maana korongo huhama na mstari wake mchoroni hubaki palepale.

Halafu chukua rula. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira ya hapo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au ufuko wa bahari. Kwenye mchoro wa skeli ya 1:2,500, mita 60 ni sentimita 2.4. Nilipopima, nusu ya kiwanja kile, pamoja na ule mwembe, iliangukia ndani ya mita hizo.

Tena hapo nilikuwa nimejipendelea. Mstari wa buluu unaoonyesha korongo mchoroni mara nyingi hupita katikati ya mkondo, na sheria inahesabu kuanzia ukingoni. Korongo lenye upana wa mita 20 linakula mita 10 zaidi upande wako.

Kuna mtego mwingine, nao nauona unawakamata hata vijana wajuzi wa simu. Ramani nyingi za upimaji za zamani zinatumia mfumo wa kutaja mahali kwa namba uitwao Arc 1960, wakati simu inatumia mwingine, WGS 84. Ukichukua namba za bikoni ukaziingiza kwenye simu hivihivi, alama inaweza kukaa takribani mita 300 mbali na kiwanja. Utashangilia kwamba uko juu mlimani, kumbe uko bondeni. Mwombe mpima azibadilishe kwanza.

Baada ya ofisi, rudi uwandani mvua zikikolea. Kwetu kusini msimu ni mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo anayenunua kiangazi ananunua nusu ya habari. Tazama takataka zilizonasa kwenye matawi: pale ziliponasa ndipo maji yalipofika. Waulize kinamama wanaolima mpunga pale chini. Wanajua kuliko dalali.

Na yale matete, tafadhali, msiyafyeke. Maji ya mvua yanayoteremka kutoka kwenye mabati na barabara hupunguzwa kasi hapo, mchanga ukabaki, na ukingo ukashikwa na mizizi. Ukiweka ukuta mahali pake, maji yanamfuata jirani wa upande wa pili. Nimeona nyumba ya mjane ikiliwa msingi namna hiyo, na inaniuma mpaka leo.

Ukiwa na shaka kama korongo lako la msimu linahesabiwa kuwa mto, andika barua kwa halmashauri, nakala kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye ofisi yake Mtwara. Taja namba ya mchoro na ya kiwanja, uombe jibu la maandishi. Jibu la mdomo hutaweza kumwonyesha mtu siku nyumba itakapowekwa alama ya X ya kubomolewa. Mimi barua yangu naitunza pamoja na mkataba wa kiwanja nilichonunua baadaye, huko juu, kisicho na mwembe.