Kifuko cha Kijapani kwenye gari si uchawi, mkuu

Mkuu, umesema fundi amekuta kifuko chekundu cha kitambaa ndani ya IST uliyoitoa bandarini juzi, na shemeji amegoma kupanda mpaka kitupwe. Mtulize. Hicho ni omamori. Changu kilikuja na Probox na hadi leo ninacho.

Wajapani hukinunua hekaluni, la Kishinto au la Kibudha, kwa yeni mia kadhaa hadi elfu moja hivi. Ndani mna kikaratasi au kibao chembamba chenye dua. Vipo vya mitihani, vya kujifungua salama, vya biashara. Cha gari huandikwa kotsu anzen, usalama barabarani. Pale Naritasan, hekalu lililo mji wa Narita, watu hupeleka gari lenyewe likasomewe dua na watawa.

Sasa utauliza, mtu anauzaje gari na dua yake ndani? Kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi una gharama. Wengi tarehe ikikaribia wanaona heri wauze. Gari linaingia mnadani, linapanda meli, vitu vidogo vinasahaulika humo. Hakuna aliyekutegea.

Changu ni cha buluu, kimedariziwa kwa uzi wa dhahabu. Upande mmoja umepauka kabisa, nadhani ndio uliokuwa unatazama kioo cha mbele, ila ukikigeuza rangi bado imekolea. Fundo la kamba limefungwa kwa ustadi ambao sijathubutu kuuchezea. Na hakifunguliwi, kama hirizi za bibi yangu kule Tanga.

Mimi ni Muislamu. Kinga naiomba kwa Mwenyezi Mungu, na breki nazikagua kila nikisafiri. Kwa hiyo sikitunzi kinilinde. Ninachokiheshimu ni nia ya aliyekinunua. Kuna mtu, pengine mama wa mtu, alitoa hela yake mfukoni ili mwenye gari arudi nyumbani mzima. Gari hilohilo sasa linapakia wanangu tukienda Dar, na nyie mnaoijua Segera usiku, malori yakikupita na taa kali, mnaelewa kwa nini dua ya mzazi siwezi kuitupa jalalani. Hata kama ni ya dini nyingine. Kuna watakaosema hiyo ni shirki. Kwangu ingekuwa shirki kama ningekitegemea.

Mke wangu mwanzoni alinuna pia. Siku hizi ndiye anayewakemea watoto wasikivute.

Ila usikining'inize kwenye kioo cha kati, kitakuziba macho na trafiki atapata la kusema. Changu kinakaa kwenye droo pamoja na karatasi za bima. Shemeji akikataa katakata, kichome kwa adabu. Wenyewe hufanya hivyo: kikishatimiza mwaka hukirudisha hekaluni kikachomwa, kisha wanachukua kipya.

Halafu ile sauti ya dada wa Kijapani ukiwasha gari, ambayo umeandika inamtisha shemeji kuliko kifuko, hiyo ni mashine ya kulipia barabara za kule. Analalamika kadi haimo. Mwambie fundi aichomoe waya, kazi ya dakika chache tu, asikutoze hela nyingi.